Mondo wa Ohio

Kama hujawahi kumwona mondo, usione haya. Wapo watu waliozeeka Karatu, jirani kabisa na lango la Ngorongoro, na hawajamwona hata siku moja. Si mnyama wa kujionyesha. Simba hulala katikati ya njia, magari ya watalii yakamzunguka, naye akapiga miayo tu. Mondo akisikia gari bado liko mbali, ameshapotea kwenye majani. Ni paka wa porini mwenye miguu mirefu, mwili mwembamba wa rangi ya manjano wenye madoa meusi, kichwa kidogo, na masikio makubwa ambayo ukiyatazama utasema ameyaazima kwa mnyama mwingine.

Masikio hayo ndiyo riziki yake. Mondo huingia kwenye majani marefu, akasimama au akakaa tuli, mara nyingine akafumba na macho, akasikiliza. Panya akipita chini ya nyasi, au fuko akikwaruza udongo huko chini, mondo anajua yuko wapi bila kumwona. Hapo huruka juu, mita mbili na zaidi, akamshukia kwa miguu ya mbele. Watafiti waliomfuatilia ndani ya kreta ya Ngorongoro waliona kwamba karibu nusu ya miruko yake humpatia chakula. Simba, pamoja na sifa zake zote, hafiki hapo.

Sasa mchukue mnyama huyo. Mwondolee majani, mwondolee panya, mweke kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, katika jimbo la Ohio, Marekani, ambako theluji huanguka. Mvalishe mkanda shingoni. Mpe minofu ya kuku ya dukani. Huyo ndiye niliyemsafirisha mimi, na safari yenyewe ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Mimi si daktari wa wanyama wala askari wa wanyamapori. Ni dereva. Nilizaliwa Karatu, nikaja Marekani kutafuta maisha, na siku za kazi naendesha lori la mizigo kutoka Columbus. Siku za mapumziko najitolea kwenye kituo kinacholea wanyama wa porini waliookolewa mikononi mwa watu. Wengine hapo ni madaktari, wengine wanafunzi, wengine wastaafu wanaokata nyama na kufua mablanketi. Mimi nilipewa kazi ninayoiweza: kuendesha gari taratibu na kutokanyaga breki ghafla. Kabla ya hapo nilisaini karatasi nyingi, nikachanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha nikapewa kanuni inayotangulia zote. Mtu wa kujitolea hamgusi mnyama. Hata kidole kimoja hakipiti kwenye wavu.

Nina mpwa wangu Karatu, yuko darasa la tano. Nilipomwambia kwa simu kwamba Jumamosi nitaendesha gari lenye mondo na simbamangu hadi jimbo la North Carolina, alinyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Shikamoo mjomba," maana kwa furaha alikuwa amesahau kuamkia, na kabla sijaitikia akauliza, "Huyo mondo ni wa huku kwetu? Amefikaje huko?"

Jibu ni kwamba hakufika. Alizaliwa hukohuko. Baba yake na mama yake nao walizaliwa Marekani, na pengine hata babu zake. Msinielewe vibaya: wapo wanyama wanaoibwa kwetu. Novemba 2010, wanyama na ndege hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipakiwa kwenye ndege katika uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar kinyume cha sheria, na kesi yake ilisikika nchi nzima. Lakini mondo wengi wanaofugwa majumbani Marekani hawakupita uwanja wowote wa Afrika. Huko kuna watu wanaozalisha mondo kwa ajili ya kuuza, na mtoto mmoja hununuliwa kwa maelfu ya dola. Tangu mwaka 1986 wapo hata machotara, mondo aliyechanganywa na paka wa nyumbani, nao wana soko lao.

Mfanyabiashara humtoa mtoto kwa mama yake akiwa na siku chache, ili anyonyeshwe chupa na binadamu. Anataka mtoto akikua amwone mtu ndiye mama. Kwa muda mambo huenda vizuri. Mtoto wa mondo wa wiki sita, amelala mapajani mwa mtu, masikio yamemfunika uso, ni kitu cha kupendeza mno. Mimi mwenyewe nikionyeshwa picha zake hujikuta nacheka peke yangu.

Shida ni kwamba habaki na wiki sita.

Akikaribia miaka miwili, mondo anakuwa mtu mzima, na mtu mzima ana kazi ya kuweka mipaka ya eneo lake. Porini hupulizia mkojo kwenye vichaka na mashina ili mondo wengine wajue kwamba hapa pana mwenyewe. Ndani ya nyumba vichaka ni kochi, pazia, kitanda, viatu na begi la shule. Umkemee, umpigie makofi, umfungie bafuni, hataacha, kwa sababu haoni alichokosea. Anatimiza wajibu wake. Na harufu hiyo, wapendwa wangu, haitoki kwa sabuni.

Wengine, ili kochi lao lisalimike, humpeleka mondo kutolewa makucha. Usidhani ni kukata kucha tu. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, kwa hiyo anayeutoa hukata na mfupa wenyewe. Nyoosha mkono wako, tazama kiungo cha mwisho cha kila kidole: ni hapo, vidole vyote kumi vya mbele. Mondo wetu alikuwa amefanyiwa hivyo akiwa mdogo. Juu ya hayo alilelewa kwa minofu mitupu. Porini mondo hula panya mzima, nyama na mifupa na ngozi na utumbo, na mifupa ya panya ndiyo inayojenga mifupa yake. Anayekula minofu peke yake mifupa yake hulegea. Huyu mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umepinda, akawa anachechemea.

Simbamangu alikuwa na kisa kingine. Huyu naye ni paka wa kwetu, mwekundu-kahawia, mwenye nywele nyeusi ndefu zilizochongoka kwenye ncha za masikio. Ni hodari wa kuruka na kunyaka ndege hewani, hata zamani wakubwa wa Uajemi na India walimfuga ili awawindie ndege. Wetu alikuwa jike mzee. Mwenyewe alimtunza miaka mingi kwenye banda nyuma ya nyumba, kisha akaugua, watoto wake hawakumtaka mnyama yule, wakapiga simu. Hakuna aliyemtesa. Lakini hakuna pia aliyemzoea. Kila aliyepita karibu na banda alifokewa, mwenye nyumba akiwemo.

Kwa nini Ohio wanakamata wanyama hawa siku hizi, wakati zamani ulikuwa ukijifugia upendacho? Chanzo ni mji wa Zanesville, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka ninapoishi. Oktoba 2011 mwenye shamba mmoja aliyekuwa na wanyama wakali wengi alifungua vizimba, wanyama wapatao 50 wakatoka jua likielekea kuzama. Kulikuwa na shule karibu, kulikuwa na barabara kuu. Polisi wa mji mdogo hawakuwa na bunduki za sindano za usingizi wala muda wa kuzitafuta. Usiku ule walipiga risasi chui milia 18 na simba 17, pamoja na dubu na wengineo. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya wanyama hatari wa porini, na kwenye orodha yake wamo mondo na simbamangu. Ndiyo maana mondo alipoonekana dirishani na jirani, jirani akapiga picha, na siku chache baadaye maofisa wakagonga mlango.

Tuliondoka kabla hakujapambazuka, mwezi Oktoba. Mwezi huo tuliuchagua makusudi, kwa kuwa hakuna joto la kumchemsha mnyama ndani ya gari wala baridi ya kumgandisha. Tulikuwa wawili: mimi kwenye usukani, na kando yangu mama mmoja wa kituo aliyeanza kazi hii nywele zake zikiwa bado nyeusi. Namwita Mama. Ni Mmarekani, hajui kwa nini namwita hivyo, ila ameshazoea na huitika.

Nyuma kulikuwa na makasha mawili ya mbao na chuma, kila moja na matundu ya hewa na mlango wa kuvutwa juu kwa kamba. Tuliyafunga kwa mikanda sakafuni yasisogee, tukaweka ubao katikati wanyama wasionane, tukatandika nyasi kavu ndani, na juu tukafunika kwa shuka nzito. Paka akiwa gizani hutulia. Hawakupewa chakula asubuhi hiyo, maji tu, kwa sababu nao hutapika safarini, sawa na baadhi yenu ninaowafahamu.

Watoto wengi huniuliza kama tuliwachoma sindano ya usingizi. Hatukuwachoma. Mama alinieleza kwamba mnyama aliyelazwa kwa dawa hushindwa kulinda joto la mwili wake, anaweza kutapika akapaliwa, na gari likiyumba hawezi kujishika. Afadhali asafiri macho akiwa amekasirika. Hasira haijawahi kumuua paka.

Kitu kingine tulichobeba ni bahasha nene. Ndani yake kulikuwa na cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo, vibali, na barua ya kituo kinachopokea ikisema wanyama wanasubiriwa na nafasi ipo. Marekani ina sheria ya zamani, Sheria ya Lacey ya mwaka 1900, inayofanya kumvusha mnyama wa porini mpaka wa jimbo kinyume cha sheria za jimbo kuwa kosa mbele ya serikali kuu. Dereva asiye na bahasha hiyo, hata awe na moyo mwema kiasi gani, mbele ya askari ni msafirishaji haramu.

Kusini ya Columbus nchi ni tambarare, mashamba ya mahindi na soya yakiwa yamevunwa. Tulipita Chillicothe jua likichomoza. Redio tuliizima. Tuliongea kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa nikihesabu kila shimo la barabara kwa uti wa mgongo wangu. Kabla hatujavuka Mto Ohio kuingia West Virginia, mondo akapulizia. Nilidhani naijua harufu hiyo, sikuijua. Machozi yalinitoka. Mama alifungua dirisha nusu, akacheka, akasema, "Sasa gari ni lake."

Kila baada ya saa mbili hivi tulisimama. Si kwa ajili yetu. Mama alipanda nyuma, akasoma kipimajoto, akainua ncha ya shuka, akasikiliza pumzi. Paka anayehema mdomo wazi ana joto au hofu imemzidi, na hapo lazima ufanye jambo. Mondo alikuwa amejikunyata kwenye kona, masikio yamelala nyuma, pumzi sawa. Simbamangu alimfokea Mama kwa sauti kali ya mvuke unaotoka kwenye sufuria, na Mama akaridhika: anayefoka ana nguvu.

Kwenye sheli tuliegesha mbali na watu, na mmoja wetu hakuondoka garini. Bwana mmoja aliyekuwa akijaza mafuta alinusa hewa, akatusogelea, akauliza tumebeba nini.

"Paka," Mama akasema.

"Paka gani ananuka hivyo?"

"Dume."

Hakuna neno la uongo hapo. Tungesema mondo, yule bwana angeita mkewe, mkewe angeita watoto, simu zingetolewa mifukoni, shuka ingeinuliwa "kidogo tu", na mnyama ambaye ameshapoteza kila alichokizoea angelazimika kutazamwa na watu 20. Wengi wanaopenda wanyama hawajui kwamba kutazamwa pia ni mzigo.

Kutoka Charleston barabara hupanda milimani, kilomita zaidi ya 140 za kulipia, zenye vituo vitatu vya tozo. Majani ya miti yalikuwa yamegeuka rangi, mengine mekundu, mengine ya dhahabu, na kama ningekuwa na abiria wa kawaida ningesimama tupige picha. Kwenye kituo kimoja cha tozo, dada aliyekuwa akipokea pesa alisikia mfoko kutoka nyuma, mkono wake ukabaki hewani na chenji yangu. Nikamwambia, "Paka." Akanirudishia chenji haraka kuliko wote waliowahi kunirudishia.

Mwisho wa West Virginia mlima unafunga njia, na barabara inaingia ndani yake. Handaki la East River Mountain lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, na mpaka wa majimbo mawili umo humohumo ndani: unaingia ukiwa West Virginia, unatoka ukiwa Virginia. Mngurumo wa malori hugonga kuta na kurudi. Nilimfikiria mnyama anayeweza kumsikia fuko chini ya ardhi akiwa katikati ya kelele ile. Mama aliniambia nisipunguze wala nisiongeze mwendo. Mondo hakutoa sauti. Simbamangu naye, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, alinyamaza, na hilo ndilo lililotutia wasiwasi. Tulisimama mara tulipopata nafasi. Alikuwa mzima, alifoka tulipofunua shuka, tukashukuru.

Hapo ndipo nilipokuta ujumbe wa sauti wa mpwa wangu. Kwao ilikuwa jioni, nilisikia mbuzi wakiingizwa zizini. "Mjomba, nimefikiria. Kwa nini msimpandishe ndege mkamrudisha Ngorongoro? Nauli yake haitakuwa kubwa, ni mdogo."

Nilimjibu kwa kirefu, na nitawajibu na ninyi, maana kila mtu mwenye huruma huuliza hivyo.

Kwanza, angekula nini? Paka wa porini hazaliwi anajua kuwinda. Ana hamu ya kuwinda, ujuzi huupata kwa kumfuata mama yake na kukosa mara nyingi. Huyu mama yake hakumlea, makucha hana, mguu umepinda. Pili, hajui kumwogopa mtu. Mondo wa Ngorongoro akiona mtu hukimbia, na ndiyo sababu yu hai. Huyu angeenda moja kwa moja kwenye nyumba yenye taa na harufu ya kuku. Nikamwuliza mpwa wangu: paka wa madoa mwenye kimo cha mbwa akiingia bandani kwa bibi yako usiku, bibi atafanya nini? Sikuhitaji jibu, nilimjua bibi huyo kabla yake, ni mama yangu. Tatu, mtu hawezi kujua mababu wa mondo huyu walitoka sehemu gani ya Afrika, wala ni ugonjwa gani wa paka wa nyumbani alioubeba, ambao mondo wa kreta hawajawahi kukutana nao.

Mtoto mwerevu atasema, mbona Elsa aliweza? Ni kweli. Joy na George Adamson walimlea simba jike yatima aliyepatikana Kenya mwaka 1956, wakamrudisha porini Meru, akazaa watoto huko. Lakini Elsa alizaliwa kwenye nchi ileile, makucha yake yalikuwepo, na waliomlea walikaa naye porini miezi mingi hadi akajifunza kuua mwenyewe. Christian, simba aliyenunuliwa dukani London mwaka 1969, naye alifikishwa kwa George huko Kora, Kenya, akawa wa porini. Hadithi hizo mbili zinasimuliwa sana. Ya Boy haisimuliwi sana. Boy alikuwa simba aliyelelewa na watu na kuigiza kwenye filamu ya Born Free, kisha George akamrudisha porini. Mwaka 1971 alimuua mfanyakazi wa kambi. George, aliyempenda simba yule kwa moyo wote, alichukua bunduki akampiga risasi mwenyewe.

Tena mwaka 2016 simba 33 waliookolewa kwenye sarakasi za Peru na Colombia walipandishwa ndege ya mizigo hadi Afrika Kusini. Magazeti yalishangilia kwamba wamerudi nyumbani. Lakini wengi wao walikuwa wameng'olewa makucha au kuvunjwa meno, kwa hiyo hata huko walikaa ndani ya uzio na kuletewa nyama. Mwaka uliofuata majangili waliwaua wawili kwa sumu.

Mpwa wangu alisikiliza yote, akatuma jibu la maneno mawili: "Si haki." Sikuwa na la kumpinga.

Kutoka Virginia kuingia North Carolina barabara hushuka ghafla mahali panapoitwa Fancy Gap, na penyewe panajulikana kwa ukungu. Siku hiyo ulikuwepo. Nilishuka kwa mwendo wa mwenda kwa miguu, taa zikiwaka, malori yakinipita kwa hasira. Tulifika kituoni alasiri, zaidi ya kilomita 700 nyuma yetu.

Kushusha ndiko kunakotaka subira kuliko kuendesha. Makasha yalibebwa na watu sita hadi kwenye milango ya vizimba vya karantini, ambako wageni hukaa kwa siku 30 wakipimwa damu, choo na meno kabla ya kukutana na wengine. Kasha huunganishwa na mlango pasiwe na mwanya. Kisha kila mtu anarudi nyuma, mmoja anavuta kamba kutoka mbali, na watu wote wanafunga midomo.

Simbamangu alitoka papo hapo. Hakutazama huku wala huku. Alipanda kwenye jukwaa la mbao lililo juu kabisa, akatupa mgongo, akalala. Msaidizi mmoja alinong'ona kwamba huyo ameshafika kwake.

Mondo alikaa ndani ya kasha muda mrefu. Kwanza ilitoka pua, ikarudi. Halafu mguu mmoja ukagusa nyasi, nao ukarudi upesi. Mama aliniambia huenda hajawahi kukanyaga nyasi tangu azaliwe. Mwishowe alitoka akichechemea, tumbo likikaribia kugusa chini, akasimama karibu na kichaka. Hapo nyenje akalia. Masikio yale mawili yakageuka, moja baada ya jingine, yakaelekea mahali pamoja. Akainama, akajikusanya, akaruka. Mruko mdogo, wa upande, kwa sababu ya ule mguu. Akamkosa. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuruka, na bado mwili wake ulijua kwamba sauti ile ni ya kurukiwa. Mama alijifuta macho kwa mkono wa koti akisema ni ukungu, ingawa ukungu tulishauacha milimani.

Jioni aliletewa chakula: panya wazima, waliokuwa wamegandishwa kwenye barafu wakayeyushwa. Aliwanusa kwa mashaka. Ilimchukua siku kadhaa, nilivyoambiwa baadaye, kukubali kwamba hicho ni chakula. Sasa anakula mifupa na yote.

Kituo kile si pori, na hakuna hapo anayejifanya kwamba ni pori. Kuna uzio, kuna ratiba ya chakula, kuna chumba chenye joto kwa majira ya baridi. Mondo atakaa humo hadi afe, huenda miaka kumi na zaidi. Hatazaa, kwa sababu kituo cha kweli hakizalishi wanyama wengine wa kufungiwa. Hauzwi wala hakodishwi kwa sherehe, na mgeni yeyote, hata mwenye pesa, haruhusiwi kumshika ili apigwe picha. Kwa mambo hayo utakitambua kituo. Wapo wengi waliobandika neno "hifadhi" getini, na ndani wanakukabidhi mtoto wa chui milia umpakate kwa malipo. Hao ni wafanyabiashara walewale.

Desemba 2022 Marekani ilipitisha sheria ya nchi nzima inayokataza watu binafsi kufuga paka wakubwa na kuwapakatisha watoto wao kwa wageni. Simba yumo, chui yumo, duma yumo. Mondo na simbamangu hawamo. Kila jimbo linaamua lenyewe, na yapo majimbo ambako hadi leo mtu anaweza kumnunua mondo.

Anayenunua mara nyingi ameanza kwa kuona video: mondo sebuleni amevaa mkanda, muziki unapigwa, watu wanacheka. Video hizo zitakufikia na wewe, huko uliko, kama bado hazijakufikia. Usizipende, usizitume kwa rafiki zako, usiandike chini yake kwamba unamtaka. Kila mtazamo mfanyabiashara huuhesabu. Na kama unakaa Karatu, Arusha, Narok au popote penye majani marefu na maji karibu, mwombe mwalimu au mzazi akupeleke asubuhi na mapema, kaa kimya garini, utafute masikio.